Wachina wameingia kwenye RAM: bei itashuka Lubumbashi, au tunajidanganya?

#1 FundiBelAir (Lubumbashi)
Salamu wakubwa. Natengeneza mashini, yaani kompyuta, pale Bel-Air, wengi humu mnanijua. Mwanzoni mwa 2025 bareti (kipande cha RAM, memori ya kazi ya kompyuta) ya 8GB DDR4 ya laptop, okazi yaani iliyotumika, hata mwanafunzi wa chuo kikuu cha UNILU alikuwa anailipa bila kuomba mkopo. Leo yule anayeniuzia kwa gro, yaani jumla, ananitajia bei ambayo zamani ingenipa bareti tatu, tena anasema nikisita, kesho ni bei nyingine. Mteja analeta laptop inayokwama, namwambia tatizo ni RAM, akisikia bei anafunga mashini yake anaenda zake.

Sasa kuna kijana anayenisaidia atelie, ananishauri nisiweke stoki, nisubiri. Anasema Wachina wana kampuni yao inaitwa CXMT, inatoa DDR4 na DDR5 (kizazi cha zamani na kipya cha RAM), na itawafanyia Wakorea kile walichowafanyia watu wa paneli za sola. Mimi nakubaliana naye. Leo mama anayeuza makala ana paneli juu ya bati lake. Kwa nini RAM isifuate njia hiyo? Nipingeni.

#2 Mwana_Katuba
Wa kwanza! Mi nasema itashuka. Muchina akigusa kintu, bei inaanguka, njo vile iko. Muangalie simu: zamani simu ya kugusa ilikuwa ya ba patroni, leo kila mutoto wa Katuba iko nayo.

#3 ChipuNaSilikoni (Bukavu)
Polepole, Fundi. Paneli ya sola kiwanda chochote chenye mtaji kinaweza kuitoa. RAM inashikwa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Hizo tatu zina zaidi ya asilimia 90 ya soko la dunia. CXMT ya mji wa Hefei ilianza 2016, na mwaka 2025 ilikuwa na kama asilimia 4 hivi. Mwenye asilimia 4 hapangi bei, anaifuata.

Kilichopandisha bei ni akili bandia. Zile kadi za vituo vya data zinataka RAM ya aina yake, HBM, chipu zinapangwa moja juu ya nyingine kama ghorofa. Micron wenyewe walisema HBM inakula sahani za silikoni, zile zinazokatwa chipu, karibu mara 3 ya DDR5 kwa ujazo ule ule. Kwa hiyo kila GB moja ya HBM ni kama GB tatu za DDR5 ambazo wewe Bel-Air hutaziona. Oktoba 2025 OpenAI, wale wa ChatGPT, ilitia saini barua ya nia na Samsung na SK Hynix, hesabu iliyotajwa ni hadi sahani 900,000 kwa mwezi. Na Desemba Micron wakatangaza wanaifunga Crucial, chapa yao ya kuuzia watu wa kawaida kama sisi. Ukiona muuza mikate anafunga dirisha la rejareja kwa sababu hoteli inanunua yote, usitegemee mkate kushuka.

#4 Transit_Kasumba (Kasumbalesa)
Nyinyi mnaongea Hefei, mie naongea Kasumbalesa, hapa mpakani. Bareti si saruji. Haina uzito, wala haipandi lori. Inakuja kwa grupaji (mizigo ya watu wengi pamoja) ya ndege kutoka Guangzhou au Dubai, au kwenye begi la mtu aliyetoka Kariakoo kwa basi. Mia mbili zinaingia kwenye koti. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba ni duani (forodha) au mafuta.

Bei ya hapa inapandishwa na wafanyabiashara wachache wa mjini wenye stoki ya zamani. Waliinunua rahisi, wameona bei ya dunia kwenye simu, wakaibandika ile mpya siku hiyo hiyo. Ikishuka duniani, mtasikia "hii niliinunua ghali". Kupanda ni siku moja, kushuka ni miezi sita.

#5 FundiBelAir
@Transit_Kasumba hapo umesema kweli yaya, ila hao wachache hawakuwepo jana? Mbona mwaka 2023 RAM na SSD za kuhifadhia faili zilikuwa bwerere na wafanyabiashara ni hao hao?

#6 Transit_Kasumba
Mwaka ule bidhaa ilikuwa imejaa kila mahali. Ukificha wewe, jirani anauza. Uroho unahitaji uhaba kwanza.

#7 MamaSaiba (Goma)
Habari zenu. Mimi nina sekretaria na siber (duka la kuchapa na intaneti) huku Birere, mashini kumi na mbili. Naomba niongeze kitu ambacho hamjagusa: bei ikipanda, bandia nazo zinapanda.

Nilichukua bareti mbili, zimeandikwa 16GB, karatasi safi, plastiki imefungwa vizuri. Mashini ikawaka, ikasoma 16. Mtoto akafungua faili kubwa la picha, skrini ya buluu. Tukazima, tukawasha, tena. Nikamwita fundi, akakwangua kibandiko kwa ukucha, chini yake kuna kibandiko kingine chenye maandishi yaliyofutwa nusu, na zile meno za dhahabu zina mistari ya kuchomekwa na kuchomolewa miaka. Moja ya chipu nane ina rangi tofauti na wenzake, imechomelewa baadaye. Muuzaji anasema alinipa nzima. Na hapa Goma, tangu benki zifungwe mwanzoni mwa 2025, nilikuwa nimelipa kwa simu kupitia mtu wa Gisenyi, nikamlalamikie nani?

Kwa hiyo Mchina alete bei nafuu, sawa. Lakini alete kitu ambacho naweza kukijua kwa macho.

#8 Kivu_Bit (Bukavu)
Pole mama. Kabla ya kulipa, omba uiingize kwenye mashini na uendeshe MemTest86, programu ya kupima RAM, angalau raundi moja nzima. Muuzaji akikataa, ameshajibu.

#9 Nyiragongo7 (Goma)
Mnazunguka bure. RAM inatengenezwa kwa koltani, koltani inatoka Rubaya, pale Masisi. Umoja wa Mataifa wenyewe wanasema Rubaya inatoa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia. Tunauza udongo kwa kilo, tunanunua bareti kwa gramu. Hilo ndilo jibu la bei, mengine ni maneno ya wenye digrii.

#10 ChipuNaSilikoni
Uchungu wako nauelewa kaka, ila fundi akikusikia atacheka. Chipu ya RAM ni silikoni, inayotoka kwenye mchanga wa kwatzi. Tantali ya koltani inakwenda zaidi kwenye kondensa, zile punje za manjano au nyeusi unazoziona kwenye ubao wa simu na kwenye SSD za seva. Ndani ya chipu yenyewe tantali ipo, utando mwembamba sana unaozuia shaba ya nyaya isipenye kwenye silikoni. Kiasi chake kwenye bareti moja hakifiki hata kuonekana. Rubaya ikisimama mwezi mzima, bei ya kondensa itatikisika, bareti itabaki palepale.

#11 Nyiragongo7
Kwa hiyo imo. Aksanti kwa kukubali.

#12 Mwana_Katuba
😂😂 Goma moja, Bukavu sufuri.

#13 MSIMAMIZI
Rubaya ina jukwaa lake, tafadhali. Hapa tubaki kwenye bei ya RAM.

#14 Mukubwa_Kolwezi
Msimamizi, niruhusu niguse madini kidogo kwa sababu somo liko hapo. Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha kusafirisha kobalti. Kwa nini? Bei ilikuwa imeanguka, kobalti imejaa duniani. Oktoba wakafungua kwa kota. Bei ilifanya nini katikati? Ilipanda. Sisi watu wa Kolwezi tuliiona kwa macho yetu.

Sasa mwaka 2023 Samsung walitangaza kupunguza kutoa memori, na Micron na SK Hynix walikuwa wametangulia kukata. Mchezo ni ule ule. Anayeshika bomba ndiye anayejua maji yatatoka saa ngapi. Kwa hiyo swali la Fundi liwe hivi: je, CXMT ni bomba la pili, au ni tone?

#15 ChipuNaSilikoni
Mukubwa, tofauti moja tu: kobalti ukiiacha ardhini haiozi. Kiwanda cha chipu kikisimama kinakula pesa kila saa. Walikata 2023 kwa sababu walikuwa wanauza kwa hasara ya mabilioni. Siwatetei, nasema tu.

#16 MwalimuChaki (Lubumbashi)
Nimesoma wote. Ruhusuni mzee arudi nyuma kidogo.

Memori hizi za RAM, wataalamu wanaziita DRAM, Intel ndiyo iliyozifanya biashara, chipu yao ya 1103 ya mwaka 1970. Wakaja Wajapani kwa bei ya chini na kazi safi, mwaka 1985 Intel ikaacha DRAM kabisa. Samsung walikuwa wameingia 1983 na chipu ya kilobiti 64, watu wakawacheka. Baadaye wakawapita Wajapani. Qimonda ya Ujerumani ikafilisika 2009. Elpida, Mjapani wa mwisho, akafilisika 2012, Micron ikamnunua mwaka uliofuata. Na hapa kuna utamu: CXMT ilipoanza, sehemu ya ujuzi wake ilitokana na hataza za yule marehemu Qimonda.

Mnaona mtindo? Kila mgeni anapoingia, bei inashuka kweli, mnunuzi anafurahi miaka michache. Halafu mmoja au wawili wa zamani wanakufa, waliobaki ni wachache zaidi, na wachache wanajua kupatana. Hilo la kupatana si uvumi: kati ya 2004 na 2006 mahakama za Marekani ziliwatoza faini kwa kupanga bei pamoja, Infineon dola milioni 160, Hynix milioni 185, Samsung milioni 300. Micron ilipona kwa kuwa ndiyo iliyosema. Ulaya nayo ikaja 2010 na faini ya yuro milioni 331.

Kwa hiyo mimi namwambia Fundi: itashuka, kisha itapanda kuliko ilivyokuwa.

#17 Mwana_Katuba
Mwalimu, tuliomba bei ya RAM, umetuletea ukoo wa RAM tangu Nuhu. Aksanti lakini, nimejifunza.

#18 LaptopYaMama
Mbona mnasahau kwamba Marekani imepiga marufuku hao CXMT? Niliona mwaka 2022. Na hao ndio wanatoa SSD za bei rahisi. Kwa hiyo hazitatufikia.

#19 Kivu_Bit
Umechanganya ndugu wawili. YMTC ya Wuhan inatoa flashi, yaani SSD na kumbukumbu za simu. Hiyo ndiyo iliyowekwa kwenye orodha nyeusi ya biashara ya Marekani Desemba 2022, na Apple ilikuwa imeshaachana na mpango wa kuitumia kwenye iPhone. CXMT ya Hefei inatoa RAM. Yenyewe iliwekwa Januari 2025 kwenye orodha ya wizara ya ulinzi, ya kampuni zinazodaiwa kusaidia jeshi la China. Ni doa kwenye jina, haikatazi mtu wa Kenya, ile komini ya Lubumbashi, kununua bareti.

Kikubwa zaidi ni sheria ya Marekani inayoanza kubana Desemba 2027: ofisi za serikali yao hazitanunua vifaa vyenye chipu za CXMT, YMTC au SMIC, kampuni nyingine ya China. Sasa jiulizeni, zikikataliwa huko zitakwenda wapi? Kwetu. Mimi naona hilo ni jambo jema kwa mfuko wetu.

#20 MamaSaiba
Au tutakuwa jalala tena. Kompyuta za siber yangu zote zilikataliwa na mtu Ulaya kabla hazijanifikia.

#21 Kivu_Bit
Mama 😂 lakini zinafanya kazi au hazifanyi?

#22 MamaSaiba
Zinafanya, ukizisemesha vizuri.

#23 Grupaji_Guangzhou
Salamu kutoka huku. Mimi ni mtoto wa Lubumbashi, napakia mizigo ya watu. Nimekwenda Huaqiangbei, soko la elektroniki la Shenzhen, kutafutia mteja RAM. Wauzaji pale wamefuta bei kwenye vibao, unauliza, anaangalia simu, anakutajia, na ukienda kunywa chai ukarudi ni nyingine. Huo ndio mji wa Wachina wenyewe, na RAM ya Kichina iko mezani.

Nikauliza ya CXMT. Ipo, kwenye bareti za chapa kama KingBank na Gloway. Nafuu yake kwa ile ya Kikorea ilikuwa ndogo sana, si ile ya kukufanya ucheke. Mchina pia anajua kusoma bei ya soko, jamani. Halafu mwisho wa Desemba 2025 CXMT wamepeleka maombi ya kuuza hisa Shanghai, wanataka yuani bilioni 29.5. Walikula hasara miaka, sasa bei imepanda ndiyo wanaonja faida. Mtu anayetafuta wanunuzi wa hisa atagawa bidhaa bure?

Na wateja wao wa kwanza ni wa nyumbani: simu, seva, kompyuta za China. Sisi tunapata kinachomwagika.

#24 FundiBelAir
@Grupaji_Guangzhou asante, hiyo ndiyo habari niliyokuwa naitaka. Nimeshapata moja ya hizo mkononi. Nje haina tofauti yoyote. Ukifungua CPU-Z, programu ya kusoma vifaa vya mashini, ukurasa wa SPD, kwenye mtengenezaji wa chipu imeandikwa ChangXin, yaani CXMT. Nikaipiga mtihani usiku kucha, hakuna kosa. Laptop moja ya mteja iliikataa, skrini nyeusi. Nikasasisha BIOS, programu ya kuwashia mashini, ikakubali. Kwa ubora sina neno.

Lakini kama bei yake inakimbizana na ya Samsung, hoja yangu ya sola inaanza kuchechemea.

#25 Mukubwa_Kolwezi
Kwani RAM zote si zimeandikwa zimetengenezwa China tangu zamani?

#26 Kivu_Bit
Mukubwa, anwani ya kiwanda si jina la mwenye kiwanda. SK Hynix wana kiwanda kikubwa cha RAM Wuxi, kilishika moto Septemba 2013 na bei ya dunia ikaruka. Samsung wanatoa flashi Xi'an. Ile stika inakwambia ilikofungwa tu.

#27 ChipuNaSilikoni
Naomba nimpe Fundi nusu ya haki yake, kwa sababu hadi sasa tumemkandamiza. Mwaka 2024 CXMT walimwaga DDR4 sokoni, na bei ya DDR4 ilianguka kweli. Kwa hiyo yule kijana wa atelie hakuota. Tatizo ni kilichofuata: wakubwa watatu wakaona DDR4 haina faida tena, mwaka 2025 wakaanza kutangaza wanaiacha. Na CXMT nao wakageuza mitambo kwenda DDR5. Ghafla kila mtu anaikimbia DDR4, na mashini nyingi za Afrika zinatumia DDR4. Katikati ya mwaka huo bei yake ikapanda kwa kasi kuliko ya DDR5, kitu cha ajabu kwa bidhaa ya zamani.

Mchina alishusha, na kwa kushusha akasababisha kupanda. Mwalimu hapo juu anahitaji miaka kumi kwa mzunguko wake. Huu ulichukua mwaka mmoja na kidogo.

#28 MwalimuChaki
Umenikosoa vizuri. Ila mzunguko ni ule ule, baiskeli imekuwa pikipiki tu.

#29 Transit_Kasumba
Na hiyo DDR5 itatusaidia nini? Mu Lubumbashi mashini ngapi zina DDR5? Wahesabu walio na mishahara ya migodini basi.

#30 ChipuNaSilikoni
Ndiyo maana nasema hata CXMT wakifaulu, wa kwanza kufaidi ni mwenye mashini mpya. Na hata hao wana kizuizi: hawaruhusiwi kununua mashine za kisasa kabisa za kuchorea chipu, zile za EUV za ASML ya Uholanzi. Wanachora kwa mashine za kizazi cha nyuma, kurudia mara nyingi, gharama inaongezeka. Viwanda vipya vya Micron Idaho na vya SK Hynix Yongin vinatajwa kuanza kutoa 2027. Kabla ya hapo sioni nafuu.

#31 Kivu_Bit
Sikubaliani. Februari 2026 iliripotiwa kwamba HP, Dell, Acer na Asus wanaangalia kununua RAM ya CXMT kwa sababu wamekosa kwingine. Kampuni hizo zikichukua hata kidogo, Wakorea wanapata hofu, na hofu inashusha bei kabla hata ya kiwanda. Si lazima uwe na asilimia 40, inatosha mteja awe na pa kwenda.

#32 ChipuNaSilikoni
Hofu inashusha bei wakati kuna ziada. Leo wote wanauza kila wanachotoa, amuogope nani?

#33 LaptopYaMama
Na simu je? Nasikia zitapanda.

#34 Grupaji_Guangzhou
Zimeshaanza. Kwenye simu ya bei ya chini memori ndiyo inayokula sehemu kubwa ya gharama, na hizo ndizo zetu: Tecno, Itel, Infinix. Mama yao ni kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, na wamesema faida yao ya 2025 imeanguka sana, bei ya memori ikiwa sababu mojawapo. Angalieni: modeli mpya itarudi na RAM 4GB na maneno makubwa kuhusu "RAM ya kuongeza" inayotoka kwenye hifadhi. Hiyo si RAM.

#35 Mwana_Katuba
Njo ile banaandika 4+4! Batatumaliza.

#36 FundiBelAir
Basi wakubwa, nimesikia pande zote. Nitanunua stoki kidogo ya DDR4 ya kazi ya mwezi huu, DDR5 naiacha. Kijana wangu bado anabisha, anasema Kivu_Bit ana haki. Nimemwambia akiweka pesa yake nitaweka yangu.

Kwa wateja wasioweza, ninaondoa programu zinazojiwasha zenyewe, naweka SSD ndogo kama bado kuna diski ya kuzunguka. Wengi hawarudi kulalamika.

#37 MamaSaiba
Mimi mashini nne nimezihamishia Linux badala ya Windows, aina ya Xubuntu, 4GB zinatosha kuandika barua na kuchapa. Wanafunzi walinung'unika wiki ya kwanza tu.

#38 Kalemie_Pwani
Samahani kuingilia. Laptop yangu ina 4GB iliyochomelewa ubaoni na nafasi moja tupu. Naweza kuweka bareti ya 8? Au lazima zifanane?

#39 FundiBelAir
Weka. Itasoma 12, 8 za kwanza zitakwenda kwa njia mbili, 4 zinazobaki kwa njia moja. Kwa Word na intaneti hutaona tofauti. Ila nitumie modeli kwanza. Ikiwa ni DDR3L, usikubali akuuzie ile ya volti 1.5, haitawaka.

#40 Kalemie_Pwani
Aksanti mukubwa, kesho nageuza mgongo wake niisome.